Barua Niliyoikalia

Alikuja kwetu kama kibarua. Miaka ile ya wakimbizi, watu wa kambi ya Lukole walikuwa wakitoka asubuhi kutafuta kazi kwenye mashamba ya wenyeji, na baba yangu pale Murukulazo alikuwa na migomba mingi kuliko mikono ya kuipalilia. Hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi, lakini wakati wa palizi hakuna aliyeuliza mbali ni wapi. Jioni walirudi na ndizi au maharage, na wengi wao hata sura zao sikumbuki.

Huyu namkumbuka kwa sababu alisahihisha daftari langu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kufeli fizikia, kwa kuwa shule yetu ilikaa miaka miwili bila mwalimu wa somo hilo. Baba alikubali nirudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kituo changu kilikuwa Biharamulo. Kwa hiyo kila siku baada ya kazi za nyumbani nilikaa barazani na kitabu kisicho na jalada, nikinakili michoro nisiyoielewa.

Siku hiyo alikuja kuomba maji. Mama alimpa kikombe. Alikunywa akiwa amesimama, macho yakiwa kwenye daftari langu, kisha akasema kwa Kiswahili cha polepole, cha mtu anayefikiri kwa lugha nyingine:

"Mishale hiyo inakwenda kinyume."

"Mishale ipi?"

"Ya sumaku. Umeme ukipanda juu, mishale inazunguka hivi." Aliinua mkono wa kulia uliojaa udongo, dole gumba juu, vidole vimekunjwa.

Nilimwuliza amejifunza wapi. Akasema kwao Burundi alikuwa mwalimu msaidizi wa fizikia chuo kikuu, na kabla ya hapo alisoma miaka miwili Ulaya. Alisema hivyo kama mtu anavyosema kwamba zamani alikuwa na ng'ombe. Kisha akarudisha kikombe, akachukua jembe, akaendelea na mstari wake.

Baba alipopata habari hiyo alipanga upya kazi. Yule kibarua akawa analima mpaka saa sita, kisha anakula nasi, kisha ananifundisha mpaka saa tisa, ili awahi kurudi kambini. Mama alianza kumwita Mwalimu, na sote tukamfuata. Yeye na mama walizungumza kila mmoja kwa lugha yake, yeye Kirundi na mama Kihangaza, na hawakuhitaji mkalimani. Kwangu mimi alisisitiza Kiswahili, na maneno ya mtihani kwa Kiingereza, kwa sababu alisema mtihani hautaniuliza kwa Kihangaza.

Nilipewa spika mbovu ya redio na mama mmoja mwenye duka Ngara mjini, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Mwalimu alitoa sumaku iliyokuwa nyuma ya spika, akaiweka mezani. Akachukua kipande cha wembe, akakionyesha kinavyorukia sumaku. Kisha akakishika kwa koleo la jiko na kukitia kwenye makaa, mama akipepea, mpaka kikawa chekundu. Akakipeleka tena karibu na sumaku, na safari hii hakikujali. Kilipopoa kikarukia tena.

"Moto unaua usumaku," alisema. "Chembe za ndani zilizokuwa zimetazama upande mmoja zinachanganyikiwa. Hilo watu wanalijua tangu zamani. Mimi nilikuwa nauliza jambo jingine. Je, mwanga unaweza?"

"Mwanga wa jua?"

"Mwanga wowote. Bila kungoja kitu kiive."

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi ambayo imenilisha mpaka leo. Alinieleza kwa mifano ya kwetu. Alisema kuna vitu viitwavyo semikondakta, ambavyo si chuma kinachopitisha umeme ovyo, wala si kioo kinachoukatalia kabisa. Ndivyo vilivyomo ndani ya redio. Mtu akipandikiza humo chembe chache za madini yenye usumaku, chembe hizo zinakaa zimeachana kama nyumba za kwetu, moja kilima hiki na nyingine kilima kile. Peke yake kila nyumba inatazama inakotaka. Lakini kukiwa na wajumbe wanaotembea kati ya nyumba na nyumba, zinasikilizana, zote zinatazama upande mmoja, na kitu kizima kinakuwa sumaku. Wajumbe hao ni chaji za umeme. Na mwanga ukipiga semikondakta unazaa chaji mpya.

"Kwa hiyo ukimulika," nikasema, "unaongeza wajumbe."

"Na wajumbe wakiongezeka?"

"Sumaku inapata nguvu."

Alitabasamu. Alikuwa hatabasamu mara kwa mara. Akaniambia kwamba ameandika hesabu za jambo hilo kambini, kwenye daftari la shule alilopewa mwanawe, kurasa arobaini na kitu. Alikadiria kwamba mwanga ungeweza kuamrisha sumaku kwa muda mfupi kuliko kifaa chochote cha waya kinavyoweza. Hakuwa na maabara. Kambini alikuwa na hema, mke, na mtoto mmoja wa kike.

Baada ya kama miezi miwili aliniletea bahasha. Ndani mlikuwa na barua kwa profesa aliyemfundisha Ulaya, pamoja na nakala ya zile hesabu, zimeandikwa kwa herufi ndogo sana ili karatasi zisizidi uzito. Alimwomba profesa azisome, na kama anaona zina maana, amsaidie kutoka kambini yeye na familia yake. Kwa kuwa barua za kambini zilipita mikono mingi, aliniomba niitume mimi kutoka posta ya Biharamulo, nilikokwenda kila mwezi kwa masomo ya ziada. Kwenye bahasha aliandika, kwa anwani ya majibu, sanduku la posta la parokia yetu.

"Akijibu," alisema, "ndani ya miezi mitatu tutakuwa tumeondoka. Yule mzee akiamua jambo, halali usingizi mpaka litimie."

Mtihani wangu ulikuwa umebaki miezi minane.

Nilikwenda Biharamulo wiki iliyofuata. Basi lilisubiri msafara wenye askari kabla ya kuingia msituni, kwa sababu ya majambazi, na muda wote huo bahasha ilikuwa mapajani mwangu. Nilikuwa nimeanza kuelewa. Kwa mara ya kwanza maishani nilifungua kitabu cha fizikia na kuona kwamba kinazungumza na mimi. Nilihesabu miezi kwa vidole. Mitatu naye, halafu mitano ya kukaa barazani peke yangu na kitabu kisicho na jalada.

Posta nilinunua stempu na kuzibandika. Nilisimama mbele ya tundu la sanduku. Mtu mmoja nyuma yangu aliniuliza kama nimemaliza, nikasema ndiyo, nikampisha, nikatoka nje na bahasha ndani ya kitabu. Nilijiambia kwamba nitaituma mwezi ujao. Sikuwa nimeamua jambo baya, ndivyo nilivyojiona, nilikuwa nimeahirisha tu.

Aliponiuliza nilisema, "Nimeituma, Mwalimu."

"Asante sana, mwanangu."

Mwezi uliofuata sikuituma, wala uliofuata. Kila mwezi sababu ilikuwa ile ile na kila mwezi ilikuwa ngumu zaidi kuibadilisha, kwa maana sasa ningelazimika kueleza kwa nini barua iliyokwisha kwenda ina muhuri wa tarehe mpya. Niliifunga kwenye kitenge cha zamani na kuiweka chini ya godoro langu. Yeye aliendelea kuja. Mwanzoni aliuliza kila Jumatatu kama parokia wamepokea kitu. Kisha akawa anauliza kwa macho tu, anapofika, na mimi natikisa kichwa. Kisha akaacha kuuliza.

Alinifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyepata baadaye, na nimepata wengi. Hilo linafanya jambo kuwa baya zaidi, na si nafuu.

Wiki sita kabla ya mtihani alikuja siku isiyo ya kazi, amevaa shati safi, akasema amejiandikisha kurudi kwao. Malori yangeondoka Alhamisi. Baba alimwambia habari za kule si nzuri. Akajibu kwamba anajua, lakini mke wake ni mjamzito na hataki kuzaa tena hemani, na yeye alikuwa na tumaini moja ambalo limeisha.

Alhamisi asubuhi mimi na mama tulikwenda Lukole na mkungu wa ndizi na maharage kwenye mfuko. Malori yalikuwa yamepangwa barabarani, watu wakiita majina kutoka kwenye orodha. Tulimkuta akifunga godoro kwa kamba. Mke wake alikuwa amekaa juu ya mzigo, mtoto mapajani. Alitusalimia kwa heshima na kumshukuru mama kwa chakula. Mama alikwenda kuzungumza naye. Mwalimu akanivuta pembeni na kunipa karatasi ya maswali aliyodhani yangetoka kwenye mtihani.

"Shika sana mlango wa mwanga kitabuni," alisema. "Huo unauogopa bure."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akatazama yale malori. "Profesa yule alikuwa mtu mwema kwangu. Sielewi. Labda amekufa."

Maneno yote yalikuwa kinywani mwangu. Lori lilikuwa halijawashwa. Ningesema, angeshusha godoro lile, ningekimbia kwenda posta siku hiyo hiyo, na ningekuwa nimepoteza mwalimu wangu na heshima ya wazazi wangu, basi. Nilimtazama usoni.

"Labda," nikasema.

Alinipa mkono. Nikasema shikamoo badala ya kwaheri, kwa kuchanganyikiwa, naye akaitikia marahaba. Akapanda.

Mtihani niliufaulu. Swali la mwanga lilikuwa karibu kama alivyoliandika. Wiki ile ile ya mtihani, bado nikiwa Biharamulo, niliituma barua. Sikujua nilitegemea nini. Nadhani nilitaka isiwe tena chini ya godoro.

Jibu lilikuja parokia kabla ya miezi miwili kwisha. Nililifungua, na hilo nalo ni kosa, kwa sababu halikuwa langu. Profesa aliandika kwa Kiingereza, kwa mkono, kurasa mbili. Alisema amezisoma hesabu mara tatu. Alisema maabara yake ndiyo kwanza imepata leza inayotoa mwanga kwa mimweko mifupi ajabu, na kwamba hakuna mtu angemfaa zaidi. Alisema ameshazungumza na wakubwa wake juu ya familia. Sentensi ya mwisho ilimwomba Mwalimu asikate tamaa.

Sikuwa na anwani ya kulipeleka. Ng'ambo ya mpaka, kwao Burundi, kulikuwa na vita. Nilimwandikia profesa kwamba mtu wake amerudi nyumbani, na kwamba barua ilichelewa kwa ajili ya hali ya barabara zetu. Niliiandika sentensi hiyo mara nyingi mpaka ikakaa sawa. Akajibu kwa huzuni, akauliza mimi ni nani. Nikasema mwanafunzi wake. Tukaendelea kuandikiana nilipokuwa kidato cha tano na cha sita, kisha nilipokuwa chuo kikuu Dar es Salaam. Kila likizo nikisafiri kurudi nyumbani, basi likisimama Nyakanazi na abiria wakiteremka kula, nilikuwa nikijisemea kwamba safari hii nitamwambia baba. Nilimaliza chai yangu, nikapanda, nikafika, sikusema. Nilipomaliza shahada, profesa aliniita kwake kusoma zaidi. Kwa maneno mafupi, nilikwenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa kimewekewa mtu mwingine, na mwenye nyumba alinikaribisha kwa ajili ya mapenzi yake kwa huyo mtu.

Kazi niliyopewa ilikuwa swali lile lile. Tulikuwa na utando mwembamba wa semikondakta wenye chembe za usumaku, umepozwa kwa baridi ambayo hakuna mlima wa duniani ulio nayo. Mmweko mmoja wa mwanga uliupiga. Mmweko wa pili, dhaifu, ulifuata nyuma kidogo tu kuchungulia kilichotokea, kwa sababu mwanga ukigusa kitu chenye usumaku unarudi umejipinda kidogo, na kwa kupima ule mpindo unajua sumaku imefanya nini. Ukibadilisha pengo kati ya mimweko miwili, unapata picha moja baada ya nyingine.

Siku mchoro ulipotokea kwenye skrini nilikuwa na profesa. Mstari ulianguka ghafla. Usumaku ulikuwa umepungua ndani ya muda usiofika sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kisha, polepole kwa kipimo cha vitu hivyo, ukaanza kupanda, ukapita pale ulipokuwa mwanzo. Kule kupanda ndiko Mwalimu alikokuwa amekuhesabu hemani. Kule kuanguka hakukuwa kwenye hesabu zake.

Profesa alifurahi sana, akasema lazima jina la Mwalimu liwe juu ya makala yetu, na kwamba yule maskini angekuwa hapa kama barabara zenu zingekuwa nzuri. Hapo nikamwambia. Nilimwambia yote, posta, kitenge, lori, nikiwa nimesimama, mkono wangu ukiwa bado juu ya kitufe.

Alivua miwani. "Ulikuwa na umri gani?"

"Kumi na tisa."

Alizifuta zile lensi kwa muda mrefu, kisha akaenda nyumbani. Kesho yake aliingia kazini kama kawaida na tukaandika makala. Jina la Mwalimu tuliliweka la kwanza. Hakulizungumzia tena jambo lile mpaka alipofariki, ila kila mara alinitaka nimtafute, nami kila mara nilisema namtafuta.

Ukweli ni kwamba mama alikuwa amesikia sokoni, kutoka kwa wauza vitunguu wa ng'ambo, kwamba Mwalimu yu hai na anafundisha sekondari si mbali na mpaka. Aliniandikia kwa furaha. Habari hiyo nayo niliikalia miaka miwili.

Nilikwenda hatimaye, likizoni, nikitokea nyumbani. Shule ilikuwa juu ya kilima, yenye madarasa marefu ya matofali. Alikuwa amekonda na nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Alinitambua kabla sijasema neno. "Shikamoo, Mwalimu," nikasema, akaitikia na kucheka, akanipeleka ofisi ya walimu, akaniuliza habari za mama kwanza, kisha za baba.

Nilimwambia nikiwa bado na nguvu. Nilisema barua sikuituma mpaka yeye alipokwisha ondoka, na nikasema kwa nini. Sikuomba chochote.

Aligeukia dirisha. Nje wanafunzi walikuwa wakifagia. Kisha akauliza, "Kwa hiyo alijibu?"

"Alijibu. Kabla ya miezi miwili."

"Alisema nini?"

Nilimpa barua ya profesa. Aliisoma pole pole, kidole kikifuata mistari. "Miaka yote hii nimemdhania vibaya," alisema. "Nilimsema vibaya hata kwa watoto wangu." Aliikunja. "Yuko wapi?"

"Amefariki, Mwalimu. Mwaka jana."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. Nilingoja anifukuze. Badala yake alivuta karatasi na kalamu, akazisukuma upande wangu. "Na mwanga? Mlipomulika, ilikuwaje?"

Nilichora. Alipoona mstari unaanguka kabla ya kupanda alinyanyua mkono nisiendelee. Alifikiri. Akasema wajumbe wapya wanakuja na joto, wamehamaki, kwa hiyo kwanza wanavuruga nyumba zote, na ni mpaka watulie ndipo wanapoweza kupeleka habari. Alisema alipaswa kuliona hilo. Aliandika mstari mmoja wa hesabu, akaufuta, akaandika mwingine. Kengele ilipolia alisimama kwenda darasani, akaniambia niende nyumbani kwake nikapumzike, mke wake yupo. Hakusema kwamba amenisamehe. Hakusema kwamba hajanisamehe.

Mke wake alinipa chakula. Nilimwambia na yeye pia, kwa Kihangaza, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Alisikiliza bila kuacha kuchambua mchele. Nilipomaliza alisema:

"Mimba ile niliyokuwa nayo kwenye lori. Tulizika mtoto mwaka huo huo, tukiwa porini tunakimbia tena. Alikuwa wa kiume."

Akatupa kijiwe kimoja nje.

"Mume wangu atakusamehe," alisema, "kwa sababu anaipenda hiyo kazi, na wewe umemletea. Mimi kazi hiyo sina."

"Najua, mama."

"Hujui. Lakini umekuja."

Mchana mke huyo wa Mwalimu alinipeleka kituoni. Nilimsihi abaki, jua lilikuwa kali na njia ni ya kupanda. Hakunijibu. Alibeba mfuko wangu mdogo mpaka juu, akanitafutia nafasi kwa dereva, akampa maagizo kwamba nishushwe mpakani salama. Kisha akasimama kando ya barabara, mikono imefumbatwa kifuani, mpaka gari likaondoka, kwa sababu nilikuwa mgeni wake, na mgeni husindikizwa.